Msanii akidai nchi ya watu iwekewe vikwazo, bili analetewa nani?

Mleta mada

Wakuu, naomba hili tulijadili bila matusi. Nimebishana na rafiki yangu mpaka usiku wa manane kuhusu waimbaji na waigizaji wanaosimama mbele ya kamera na kudai serikali katili ya nchi isiyo yao ibanwe kiuchumi: isikopeshwe, bidhaa zake zisinunuliwe, meli zake zisipokewe. Yeye anasema umaarufu haujawahi kupata kazi bora kuliko hiyo. Mimi nikamuuliza bili inapelekwa kwa nani, na mpaka tunaagana hakuwa amenijibu.

Nianze na mfano ambao wengi mnaujua. Mwaka 1979 ilifunguliwa Sun City, kasino na hoteli ya kifahari ndani ya Bophuthatswana, kipande cha ardhi ambacho Makaburu walikipa "uhuru" mwaka 1977 na dunia ikakataa kukitambua. Kulikuwa na viwanja vya gofu, ukumbi mkubwa, na pesa ya kumwaga kwa msanii yeyote wa nje aliyekubali kuja. Frank Sinatra alikwenda 1981. Queen walikwenda 1984, chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawapiga faini. Mwaka uliofuata mpiga gitaa Steven Van Zandt akakusanya wasanii zaidi ya 50, wakiwemo Miles Davis, Bob Dylan, Bruce Springsteen, Run-DMC na Jimmy Cliff, wakarekodi wimbo ambao kiitikio chake ni kiapo cha kutokupiga Sun City.

Hapo sina ugomvi na mtu. Anayekataa kwenda Sun City anakosa pesa yake mwenyewe. Koo ni lake, gitaa ni lake. Lakini akitoka studio akaenda kudai makaa ya mawe ya Afrika Kusini yasinunuliwe, anayekosa mshahara mwisho wa mwezi ni mchimbaji ambaye hajawahi kumwona. Mimi naona haya ni mambo mawili tofauti na tunayachanganya makusudi. Kujinyima ni haki ya msanii. Kumnyima mwenzake aliye mbali, nani kampa ruhusa? Nipingeni.

Kiti cha Nyuma

Kiki tu hizo, mkuu. Filamu inatoka Ijumaa, Jumatano mwigizaji anagundua kuna dikteta mahali.

Mwalimu Mstaafu

Mleta mada, mwanangu, hadithi umeianzia katikati. Unamtaja Van Zandt kana kwamba aliamka asubuhi moja na wazo la kususia. Wazo lilitoka ndani. Mwaka 1959 ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ikiongozwa na Chifu Albert Luthuli, iliwaomba watu wa nje wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Juni 26 mwaka huohuo ukafanyika mkutano London wa kuzindua kampeni ya kususia, na kati ya waliosimama kuhutubia walikuwemo Julius Nyerere na kasisi Trevor Huddleston. Swali lako la bili Luthuli alikuwa ameshaliona. Hakulikwepa. Alikiri kwamba Waafrika watabanwa na kuumia, akasema kama njia hiyo inapunguza siku za kumwaga damu, basi hiyo ni gharama ambayo wako tayari kuilipa. Bili ililetwa kwa mwenyewe akaisaini.

Sasa msanii anaingia wapi? Mwaka 1963 Miriam Makeba, akiwa na miaka 31, alikwenda mbele ya kamati maalumu ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikichunguza ubaguzi wa rangi. Aliomba dunia iwasusie Makaburu, na akatilia mkazo silaha: zisiuzwe kule, kwa sababu hakuwa na shaka zitaelekezwa kwa wanawake na watoto wa Kiafrika. Watawala wakajibu kwa kupiga marufuku rekodi zake. Huyu ni mtu ambaye miaka mitatu kabla alishindwa kwenda kumzika mama yake kwa sababu pasipoti yake ilifutwa. Wewe unamuuliza nani kampa ruhusa?

Miaka mitano baadaye, Desemba 1968, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zote zikate uhusiano wa utamaduni, elimu na michezo na utawala ule. Kina Van Zandt walikuta njia imeshafyekwa. Walichofanya ni kuipita wakiwa na vipaza sauti.

Mleta mada

Shikamoo Mwalimu. Kwa Makeba umenifunga mdomo, ila naomba nijitetee kidogo. Makeba alikuwa anazungumzia nyumbani kwake, na waliokuwa wabanwe ni ndugu zake. Mada yangu ni wa nje. Mtu amekulia New Jersey, ana nyumba yenye bwawa la kuogelea, anadai nchi ya watu ifungiwe.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Wa nje alifanya alichoombwa na wa ndani. Ukimwomba jirani akusaidie kuzima moto, humuulizi kama na yeye nyumba yake inaungua.

Msoma Magazeti

Naheshimu historia ya Mwalimu, lakini tusiwape wanamuziki sifa ambazo si zao. Wimbo wenyewe Marekani uliishia nafasi ya 38 kwenye chati, na redio nyingi hazikuupiga. Kilichowatikisa Makaburu mwaka ule ni benki. Julai 1985 ilitangazwa hali ya hatari. Mwisho wa mwezi Chase Manhattan ikasema haitaongeza muda wa mikopo yake ya muda mfupi, benki nyingine zikafuata, randi ikaporomoka, na kufika Septemba serikali ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Ndani ya vyumba yalimopitishwa maamuzi hayo hapakuwa na mwimbaji hata mmoja. Walikuwepo watu wenye vikokotoo.

Mwalimu Mstaafu

Na vikokotoo vilianza kutetemeka kwa nini? Kwanza, na hili ndilo kubwa, vitongoji vya Afrika Kusini vilikuwa vinawaka. Pili, huko Marekani kwenyewe kutunza akaunti ya Pretoria kulikuwa kumeanza kuwa aibu. Tangu Novemba 1984 watu walikuwa wanakwenda ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington na kukamatwa siku hadi siku kwa makusudi. Februari 1985 akakamatwa Stevie Wonder. Mwezi uliofuata alipopewa Oscar akaipokea kwa jina la Nelson Mandela, na shirika la utangazaji la Afrika Kusini likazifungia nyimbo zake. Mleta mada anapenda mifano ya msanii kulipa mwenyewe, huo nao aupokee: ni soko zima la redio lililokwenda.

Mwaka 1986 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya vikwazo. Rais Reagan akaikataa. Wabunge wakaipitisha tena juu ya kichwa chake, kura 313 kwa 83, na Seneti 78 kwa 21. Makumi kati yao walikuwa wa chama chake mwenyewe. Mbunge haamki na kumpinga rais wa chama chake kwa sababu ya takwimu za makaa ya mawe. Anampinga kwa sababu wapiga kura wake wameshaujua mji unaoitwa Soweto na jina la mfungwa mmoja. Nani aliyewafundisha jina hilo?

Msoma Magazeti

Mwalimu, hapo kwenye jina nakubali. Ila angalia mfano ambao watu wa upande wako hupenda kuutaja, tamasha la Wembley la Juni 11, 1988. Halikuandaliwa kudai vikwazo. Lilipewa sura ya sherehe ya kuzaliwa kwa Mandela, anatimiza miaka 70, ili televisheni zikubali kulirusha. Hata hivyo Fox ya Marekani ilipunguza siasa yote iliyokuwemo. Kitu ambacho wengi walikikumbuka kesho yake ni kwamba Stevie Wonder aligoma kupanda kwa kuwa diski ya kinanda chake ilipotea, akarudishwa jukwaani binti mmoja aliyekuwa hajulikani, Tracy Chapman, peke yake na gitaa mbele ya uwanja mzima. Baada ya hapo albamu yake ikauzwa kama maji. Kwa hiyo msanii anatangaza jina, mwanasiasa ndiye anayefunga mlango. Tusimpe mwimbaji ufunguo ambao hajawahi kuushika.

Fundi Besi

Ngojeni na mimi mpiga gitaa la besi niseme, maana mnatujadili kama hatupo.

Mleta mada anasema anayekataa shoo anakosa pesa yake mwenyewe. Kaka, hujawahi kuwa kwenye bendi. Miaka ya nyuma tulipata mwaliko wa kwenda kupiga kwenye sherehe ya familia moja ya watawala, sitaitaja nchi. Mkataba ulikuwa kurasa mbili, na jina la mwenye sherehe halikuandikwa popote, tuliambiwa kwa mdomo. Malipo yalikuwa ya miezi minane ya kazi yetu ya kawaida, kwa usiku mmoja. Tulikuwa saba, tumekalia maboksi ya spika nyuma ya ukumbi. Kiongozi wetu akausoma, akaukunja, akasema, "Mimi siendi kuwaimbia wale." Watu wakampigia makofi. Mpiga dramu wetu hakupiga makofi. Alikuwa na kitambaa mkononi, anafuta sahani ya shaba ambayo ilishatakata, anafuta tu. Alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi mitatu na sote tulijua.

Kiongozi alipongezwa kwa mwaka mzima. Kwa hiyo hiyo mipaka yako ya "anajinyima mwenyewe" na "anamnyima mwenzake" haipo safi hivyo. Hata kukataa shoo moja kuna mtu analipa ambaye hakuulizwa.

Halafu kuna wale wanaokwenda. Nelly Furtado alipiga dakika 45 Italia mwaka 2007 kwa familia ya Gaddafi, akalipwa dola milioni 1. Alikuja kulisema mwenyewe 2011, Libya ilipokuwa inawaka, akatangaza kwamba pesa ile ataitoa sadaka. Beyoncé na Mariah Carey nao walikuwa na shoo zao za aina hiyo; Beyoncé akasema pesa yake ameshaitoa, Carey akaahidi kuchangia mapato ya wimbo wake. Jennifer Lopez akamwimbia rais wa Turkmenistan wimbo wa kuzaliwa mwaka 2013, menejimenti yake ikasema hawakujua hali ya haki za binadamu kule. Mimi hao siwahukumu sana, nimekaa kwenye yale maboksi. Ila mtu aliyekula kwa dikteta jana asije leo kunihubiria vikwazo.

Kiti cha Nyuma

Menejimenti haikujua. Ilijua namba ya akaunti tu.

Dada wa Cherehani

Naomba tutoke Afrika Kusini kidogo, maana kila mjadala wa vikwazo ukienda kule unapata mwisho mzuri na watu wanalala usingizi. Nendeni Myanmar, enzi hizo wengi wakiiita Burma.

Mimi nimefanya kazi kiwanda cha nguo, najua ninachokisema. Mwaka 1990 chama cha Aung San Suu Kyi kilishinda takriban asilimia 80 ya viti, wanajeshi wakakataa kuachia. Mwaka 2003 msafara wake ukashambuliwa mahali panaitwa Depayin, watu wakauawa. Marekani ikatunga sheria mwaka huohuo kuzuia bidhaa zote kutoka kule. Bidhaa kubwa iliyokuwa inakwenda Marekani ilikuwa nguo. Mashati, suruali, fulana.

Nani anashona? Wasichana waliotoka vijijini kuja Yangon. Na hapa niwaambie jinsi kiwanda kinavyokufa. Kiwanda cha nguo hakina akiba, kinaishi kwa oda. Oda ikikatwa, laini nzima inasimama kwa pamoja: mkata vitambaa, washonaji, wapiga pasi, wafungaji. Wanafunika mashine kwa vitambaa vya mabaki zisishike vumbi, na ukiona vitambaa hivyo unajua. Msichana aliyekuwa anashona kola tu, kola kutwa nzima kwa miaka mitatu, hajui kushona shati zima. Ukimtoa pale hana fundi wa kumwajiri. Wengine walirudi kijijini, wengine waliishia kwenye kazi ambazo sitaziandika hapa.

Na wakati huohuo gesi ya Yadana ilikuwa inatiririka kwenye bomba kwenda Thailand. Total ya Ufaransa ilikuwemo, na kampuni ya Marekani ilikuwemo na hisa zake. Pesa ya gesi ndiyo iliyowashibisha majenerali. Kikwazo kilikamata sindano kikaachia bomba.

Baada ya hapo ndipo mastaa wakajaa. Mwaka 2007 Jim Carrey alitoa video fupi kumtetea Suu Kyi, wengine wengi wakafuata na video zao. Nimezitazama. Nia njema tupu. Ila hakuna hata mmoja niliyemsikia akilitaja bomba. Mwaka 2008 ikaja sheria nyingine ya kuzuia yakuti na jade, hiyo angalau iligusa vito ambavyo wanajeshi walikuwa wanavichuma.

Mleta mada

Dada, umesema kwa ufundi kile nilichokuwa nakitafuta toka mwanzo. Kikwazo kilikamata sindano. Naomba nikiazime.

Mwalimu Mstaafu

Nami nimejifunza, dada. Lakini Suu Kyi mwenyewe aliviunga mkono vikwazo. Alikuwa amechaguliwa na watu wake, amefungiwa nyumbani miaka nenda rudi. Msanii wa nje angemsikiliza nani mwingine?

Dada wa Cherehani

Hapo ndipo penye mtego, Mwalimu. Walimfanya mtu mmoja kuwa nchi. Picha yake, ua kwenye nywele, basi, ndiyo Burma yote. Yeye akisema ndiyo, watu wote wamesema ndiyo. Mwaka 2016 alikuwa ameshaingia serikalini na Marekani ikaviondoa vikwazo. Mwaka uliofuata jeshi likawafanya Warohingya, jamii ndogo ya Waislamu kule, zaidi ya 700,000 wakimbilie Bangladesh, na Desemba 2019 yeye mwenyewe akaketi The Hague kuitetea nchi yake dhidi ya shitaka la mauaji ya kimbari. Mastaa waliokuwa na picha yake ukutani wakanyamaza au wakasema wamevunjika moyo. Wale wa kola hakuna aliyewakumbuka, si wakati wa kuingia wala wa kutoka.

Ndiyo maana Luthuli nakubaliana naye na hili la Burma silikubali moja kwa moja. Luthuli alisema "tutaumia." Alijihesabu. Halafu nyuma yake kulikuwa na vyama vya wafanyakazi. COSATU, shirikisho lao, ilipoanzishwa 1985 iliunga mkono kampuni za nje zifungashe, na hao ndio wenye migodi kwa maana ya kuichimba.

Msoma Magazeti

Hata kule hawakuwa sauti moja. Helen Suzman, aliyewapinga Makaburu bungeni miaka yote, alikataa vikwazo. Buthelezi, kiongozi wa Wazulu wa Inkatha, alikataa. Askofu Tutu alivitaka. Msanii wa nje alichagua wa kumsikiliza, na alichagua anayemfaa.

Mwalimu Mstaafu

Alichagua kati ya waliokuwa huru kusema na waliokuwa hawana uhuru huo. Kutetea vikwazo hadharani ndani ya Afrika Kusini kungeweza kukufikisha mahakamani. Kuvipinga hakukumgharimu mtu chochote. Sasa ukipita mitaani na daftari kuuliza maoni katika nchi kama hiyo, unapima nini?

Fundi Besi

Hilo la Mwalimu limenigusa, lakini kuna mfano unanisumbua miaka yote na siwezi kuumaliza. Paul Simon, mwimbaji wa Marekani. Februari 1985, mwaka uleule wa wimbo wa Van Zandt, alikwenda Johannesburg kurekodi na wanamuziki Waafrika. Alivunja susio waziwazi, ANC haikumpa ruhusa. Lakini aliwalipa mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki cha New York. Joseph Shabalala na Ladysmith Black Mambazo wakatoka pale wakaijua dunia. Ray Phiri na gitaa lake, Bakithi Kumalo na besi lake (mimi lile besi lisilo na vigawanyo nimelisikiliza mpaka kanda ikakatika). Mwaka 1987 alipopiga Harare, waliokuwa naye jukwaani ni Hugh Masekela na Miriam Makeba. Makeba huyohuyo wa Mwalimu, aliyeomba susio mwaka 1963! Na alipofika London mwaka huohuo, nje ya Royal Albert Hall walisimama wanamuziki Waingereza na mabango ya kumpinga.

Sasa mniambie. Aliyefukuzwa kwao kwa miaka zaidi ya ishirini yuko ndani anaimba, na aliyezaliwa Uingereza yuko nje anamwambia amekosea. Mimi kama mpiga besi niko na Kumalo. Kama mtu mwenye akili najua susio likianza kuwekewa vipengele vya nani ana nia njema, limekwisha, kwa sababu kila aliyekwenda Sun City naye alikuwa na nia njema.

Mfuata Pesa

Wakuu nimechelewa, nimesoma yote. Mbona mnajadili kama vikwazo ni kitu kimoja tu, kufungia nchi nzima? Iraq walifungiwa hivyo kuanzia Agosti 1990, na mwaka 1998 Denis Halliday, aliyekuwa msimamizi wa misaada ya Umoja wa Mataifa kule, akajiuzulu kwa kuona wananchi wanavyoteketea. Aliyemrithi, Hans von Sponeck, naye akajiuzulu. Tangu hapo mtindo umebadilika taratibu: unamtaja mtu, unafungia akaunti yake, nyumba yake ya nje, kampuni iliyoandikwa jina la shemeji.

Na msanii anaweza kuwa na kazi hapo. George Clooney na John Prendergast walianzisha taasisi ya The Sentry, na mwaka 2016 ikatoa ripoti kuhusu Sudan Kusini iliyofuatilia mali za wakubwa wa pande zote mbili za vita: nyumba, magari, hisa. Hakuna mshona kola aliyefungiwa hapo. Clooney huyohuyo 2019 aliwaambia watu wasilale kwenye hoteli za Sultani wa Brunei, kwa ajili ya sheria ya kupiga watu mawe hadi kufa, na Mei mwaka ule Sultani akatangaza kwamba hukumu ya kifo itaendelea kusitishwa. Sheria haikufutwa, sawa, lakini pale nani aliumia? Mteja tajiri alihamia hoteli ya jirani.

Dada wa Cherehani

Mtandika vitanda wa hoteli ile je? Anaishi kwa bakshishi.

Lakini nakuelewa, ni afadhali kuliko kufungia nchi. Tatizo lake ni benki. Ukishaweka majina ya wakubwa ishirini, benki za nje zinaogopa nchi nzima. Mtu anataka kumtumia mama yake hela ya dawa, benki inaikalia wiki tatu kwa sababu jina linafanana na la jenerali. Kwenye ripoti inaandikwa kikwazo kimelenga mtu mmoja.

Msoma Magazeti

Dada, swali moja, na si la mtego. Februari 2021 jeshi la Myanmar lilipopindua, washonaji wa viwandani walikuwa kati ya watu wa kwanza kuingia barabarani. Baadaye muungano wa vyama vya wafanyakazi, vya washonaji vikiwemo, ukaomba vikwazo kamili vya kiuchumi na kampuni za nguo za nje ziondoke. Hawa ndio wale wa kola. Safari hii wao ndio walioomba. Unasemaje?

Dada wa Cherehani

Nimelifikiria hilo kuliko unavyodhani.

Nasema ningekuwa msanii, hao ningewasikiliza, na ningesema maneno yao kama walivyoyasema bila kuyapamba. Na safari hii bomba nalo liligusiwa: Total ilitangaza kuondoka Januari 2022, na Ulaya ikaiwekea vikwazo kampuni ya mafuta na gesi ya serikali mwezi uliofuata. Ilichukua zaidi ya miaka 18 tangu ile sheria ya mashati.

Lakini pia najua chama ni nini. Nimekuwa mwanachama. Viongozi wengi walikuwa mafichoni au wamekimbia nje, wanasema kwa niaba. Na wapo washonaji waliosema kampuni zikiondoka tutakufa njaa sisi, jenerali hatajua hata kama tumeondoka. Wote wawili wako kwenye laini moja, mashine zimeangaliana. Sasa wewe mwenye video ya dakika moja unamweka nani kwenye hiyo dakika?

Mleta mada

Niseme nilipofika. Nilikuja na mstari ulionyooka, kujinyima huku na kumnyima mwenzako kule. Fundi Besi ameukata na mpiga dramu wake, Mwalimu ameukata na Luthuli. Kilichobaki mkononi mwangu ni hivi: msanii akija na madai ya vikwazo, nitamuuliza nani kakutuma, na huyo aliyekutuma yeye atalipa nini. Na nitamuuliza kuhusu bomba, kwa sababu kila nchi ina bomba lake ambalo halimo kwenye video. Asiponijibu namrudishia kiki yake.

Mwalimu, kwa Afrika Kusini nimekubali kushindwa. Kwa Burma ya 2003 bado niko palepale.

Mwalimu Mstaafu

Kwa Burma ya 2003 sikubishii. Ningeomba tu usiifanye Burma kuwa jibu kwa kila anayeomba msaada. Atakayeomba kesho atakuwa Makeba au atakuwa Suu Kyi, na siku anayoomba hutajua ni yupi.

Kiti cha Nyuma

Fundi Besi, kabla hatujafunga. Yule mpiga dramu mlimlipia kodi?

Fundi Besi

Hapana. Tulichanga kidogo, haikufika mwezi mmoja. Alikwenda kwenye ile sherehe na bendi nyingine.

Aliporudi nilimuuliza kulikuwaje. Akasema ukumbi ulikuwa na baridi kali ya viyoyozi, vijiti vilikuwa vinamteleza mkononi, na waliokaa meza za mbele waliongea mwanzo mpaka mwisho.

Kodi alilipa.